Kiingilio ni Mbwa

Sijawahi kumwona Bwana Mifugo akikimbia. Siku moja mnadani fahali wa mwalimu mkuu alikata kamba, akaingia katikati ya watu akiwa ameinamisha pembe. Wanaume wazima walipanda juu ya mikokoteni. Mama muuza maandazi aliacha karai la mafuta likichemka, akajificha nyuma ya mti. Bwana Mifugo alitembea. Alitembea kama mtu anayerudi kuchukua kofia aliyoisahau, akamshika yule fahali puani kwa vidole viwili, akamwambia maneno kwa Kihehe, sauti ya chini, na fahali akasimama pale akihema. Baadaye tulimuuliza alimwambia nini.

"Nimemsalimia," alijibu. "Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amemsalimia."

Kijiji chetu kiko juu ya Igowole, kule mashamba ya chai yanakoishia na viazi vinakoanzia. Watumishi wa serikali tuliwaita kwa kazi zao: Mwalimu, Nesi, Bwana Shamba, na yeye Bwana Mifugo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye barua tu, nami sina sababu ya kulitoa huko leo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata siku za matope, na gambuti zake aliziosha kabla ya kuvuka mlango wa mtu yeyote. Bibi yangu alikuwa akimwambia, "Pita tu, baba, hapa ni kwa wakulima." Yeye aliinama palepale mlangoni na kopo la maji, akasugua mpaka soli, ndipo akaingia. Ng'ombe aliwasemesha Kihehe. Mbwa aliwasemesha Kiswahili, tena cha heshima. Alipoulizwa sababu alisema ng'ombe ni ndugu wa nyumbani, lakini mbwa ni mlinzi, yuko kazini, na mtu aliye kazini anasemeshwa lugha ya kazi.

Yeye mwenyewe hakufuga mbwa. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, nguruwe, kuku, hata sungura, ila mbwa hapana. Kijijini kwetu nyumba isiyo na mbwa ni kama haina mlango. Watu walilishangaa jambo hilo, na waliolishangaa zaidi ni wale waliojua habari ya sinema yake.

Maana Bwana Mifugo alipenda sinema moja. Hakuwa mpenzi wa sinema. Alipenda moja tu, ikamtosha. Daktari wa mifugo wa misheni, aliporudi kwao Ulaya, alimwachia televisheni ndogo, deki na kanda tatu. Mbili zilikuwa mafunzo ya ukamuaji bora wa maziwa. Ya tatu ilikuwa katuni ya zamani, ya rangi, juu ya mbwa wawili wanaopendana. Jike ni mweupe, wa nyumba ya ghorofa yenye mazulia. Dume ni mbwa koko wa sokoni, sikio moja limechanika. Jike anapotea siku ya theluji, dume anamkuta anatetemeka kwenye kona, na siku mbili nzima wanazunguka mji ule mkubwa wakiitafuta nyumba yake. Hakuna ngumi, hakuna bunduki, hakuna jini. Wanatafuta nyumba tu, na katika kutafuta wanapendana.

Kila Jumapili baada ya ibada aliiwasha kwa betri ya gari. Mama yangu alipitia kwao mara moja kuomba dawa ya kuku, akamwona kupitia mlango uliokuwa wazi: ameketi wima, kofia iko magotini, kama yumo bado kanisani. Mama alirudi bila dawa. Alisema aliona si adabu kumkatiza.

Kulikuwa na fundi redio mmoja, kijana mwenye mdomo, aliyekuja kutengeneza ile deki ilipoanza kutafuna kanda.

"Bwana Mifugo," akasema, "mtu mzima wewe, na katuni?"

"Umeoa?"

"Bado."

"Basi endelea na solda zako. Utaielewa baadaye."

Watani wetu wa mikoa mingine wana utani wao wa kale juu ya Wahehe na nyama ya mbwa, sina haja ya kuurudia. Najua tu kwamba wangemwona mtu huyu akivua miwani na kuifuta, Jumapili hadi Jumapili, mahali palepale katika sinema ileile, wangelazimika kutafuta utani mwingine.

Na mtu huyuhuyu ndiye aliyekuwa akipiga mbwa risasi.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule wa kichaa cha mbwa. Katika kijiji cha jirani mwanamume mmoja aliyeng'atwa wakati wa palizi alikufa kifo ambacho watu wazima walikisimulia kwa kunong'ona, wakinyamaza tukiingia. Bunduki ya wilaya ikaletwa. Bwana Mifugo alipita nayo nyumba kwa nyumba, akiandamana na mtendaji wa kijiji, na mbwa yeyote aliyeonekana anazurura alilala palepale. Hakuongea siku hizo. Waliokuwa wakimsalimia wakaacha. Watoto wakampa jina jipya, Risasi, na wengine walilitamka kwa nguvu makusudi alipopita.

Jioni moja nilikuwa nimebeba sufuria ya maharage nikitoka jikoni, nikamkanyaga mbwa wetu mkia. Aligeuka akaniuma nyuma ya goti. Aliuma mara moja, akaachia, akarudi nyuma ameinamisha masikio kama aliyeshtuka kuliko mimi. Mwaka mwingine wowote mama angenipaka chumvi, tukasahau. Mwaka ule alipiga ukunga, na kabla damu haijafika kisiginoni ua wetu ulikuwa umejaa watu.

Bwana Mifugo alikuja akitembea, bunduki begani. Aliisimamisha ukutani, akaomba maji na kipande cha sabuni ya kufulia, akapiga magoti kwenye matope na ile suruali ya mkunjo. Alinikosha kidonda kwa dakika kumi na tano. Najua ni kumi na tano kwa sababu alivua saa yake akanipa niishike.

"Mshale mrefu ukifika hapa," alisema akinionyesha, "uniambie niache. Usiniambie kabla, hata ukisikia uchungu namna gani."

Nililia, lakini sikusema acha mpaka mshale ulipofika. Aliichukua saa yake, akasimama, akamwambia baba amlete mbwa. Wakampeleka nyuma ya mianzi tuliyogema pombe ya ulanzi. Nilisikia mlio mmoja. Kisha tulipanda pikipiki ya kazi, mimi katikati yake na baba, tukaenda kutafuta sindano. Zahanati ya kwanza haikuwa nazo. Ya pili haikuwa nazo. Alizunguka nasi mpaka zilipopatikana katika hospitali ya tatu, mbali, na alipoziona mkononi mwa nesi alikaa kwenye benchi ghafla.

Zilikuwa sindano tano, kwa siku tofauti. Siku zote tano alinipeleka yeye mwenyewe. Baada ya siku ya kwanza baba alirudi shambani, na mama alikuwa na mtoto mchanga. Katika safari zote hizo sikumwambia neno. Nilishika koti lake kwa nyuma kwa sababu bila kushika ningeanguka, lakini mdomo niliufunga. Alinifungia kitambaa kidondani, alininunulia chungwa njiani, nikala chungwa bila kusema asante. Hakunidai asante. Siku ya mwisho alinishusha mlangoni kwetu, akasema, "Sasa hutakufa kwa hili," akageuza pikipiki.

Nimekuwa muuguzi miaka mingi sasa. Nimewaona madaktari wanaookoa mtu wakabaki wanangoja kusifiwa. Mtu anayebeba mtoto anayemchukia, safari tano, barabara ile, sijamwona mwingine.

Baada ya mvua za mwaka ule chanjo za mbwa zikaletwa, bure. Bwana Mifugo akatangaza siku na mahali. Siku ikafika, akakaa mahali hapo na kisanduku chake cha barafu tangu asubuhi hadi jua kuinama, na hakuja mbwa hata mmoja. Watu waliwaficha. Waliwafungia maghalani, wakawapeleka kwa wajomba huko Kilolo, mzee mmoja alimlaza wake uvunguni akamfunika gunia. Nani angempeleka mbwa wake kwa Risasi?

Wiki ile ile akabandika karatasi kwenye mlango wa duka. Iliandikwa kwa mkono wake wa kiofisi, herufi zimesimama wima: SINEMA. UKUMBI WA KANISA. JUMAMOSI SAA NANE MCHANA. KIINGILIO NI MBWA.

Kelele ilianzia kanisani kwenyewe. Mzee wa kanisa aliyekuwa na funguo za ukumbi alimfuata mpaka zizini, na wengine tukamfuata kwa nyuma tukasikilize.

"Bwana Mifugo, ule ukumbi ni wa nyumba ya Mungu."

"Najua, mzee."

"Unataka kuingiza mbwa?"

"Na safina ilikuwa ya nani?"

Mzee alifikiri. "Safinani waliingia wawili wawili."

"Hata mimi sitawasukuma. Wataingia wawili wawili."

Mzee alijitahidi asicheke, akashindwa, akatoa funguo.

Jumamosi ile ilikuwa ya ajabu. Watoto wengi hawakuwa wamewahi kuona sinema, na mzazi gani angeweza kumficha mbwa ambaye mtoto anajua alipofichwa? Walitolewa maghalani. Walitolewa uvunguni. Walikuja wamefungwa kamba za katani, minyororo ya baiskeli, mikanda ya shule. Bwana Mifugo alisimama mlangoni amevaa tai, ya kwanza na ya mwisho niliyomwona nayo, akimwambia kila mbwa, "Karibu, samahani kidogo," anachoma sindano, anampaka rangi ya bluu kichwani, na mwenye mbwa anaingia. Ndugu watatu walijaribu kuingia kwa mbwa mmoja kwa zamu, wakamfuta rangi kwa mafuta ya taa. Alimnusa tu yule mbwa kichwani, akawaruhusu wote watatu. Msichana mmoja ambaye kwao hawakuwa na mbwa alikuja na mbuzi.

"Kiingilio ni mbwa, mama."

"Huyu anabweka," alisema yule mtoto, macho makavu kabisa.

Bwana Mifugo alimtazama mbuzi kwa muda mrefu. "Kweli ana sura hiyo," akasema. "Pita."

Mimi nilisimama nje. Sikuwa na mbwa, na hata ningekuwa naye nisingempeleka kwake. Nilikaa chini ya dirisha lililozibwa na blanketi, nikijiambia kwamba nimekuja kumsubiri kaka, aliyeingia na mbwa wa jirani. Alipomaliza mlangoni alinikuta pale.

"Ingia," alisema.

"Sina mbwa."

"Wewe huhitaji. Wewe ulishalipa."

Nilidhani anasema habari ya zile sindano. Nikageuza uso. Hakunilazimisha. Aliingia ndani akaondoa blanketi upande mmoja, kidogo tu, mahali nilipokaa, ili sauti itoke.

Hivyo ndivyo nilivyoijua sinema ile kwanza: kwa masikio, nikiwa nje, kwa sauti yake. Ilikuwa ya Kiingereza, na yeye aliitafsiri akiwa amesimama kando ya televisheni na fimbo ya kuchungia. Aliigiza sauti zote. Jike alisema Kiswahili cha shule. Dume wa sokoni alichanganya Kiswahili na Kihehe kama makuli wa Mafinga, ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mbwa halisi waliokuwa ndani walibweka kila walipobweka wa kwenye kioo, naye aliwanyamazisha: "Ndugu walinzi, tusikilizane." Mwishoni, dume analetwa mpaka mlango wa ile nyumba ya ghorofa, mama mwenye nyumba anamtazama yeye na sikio lake lililochanika, na kwa mujibu wa Bwana Mifugo anauliza, "Amechanjwa?" Ukumbi mzima ukaitikia, "Amechanjwaaa!" Mlango ukafunguliwa, mbwa koko akaingia ndani kwenye mazulia.

Lakini kabla ya hapo ukumbi ulinyamaza mara moja, hata mbwa. Ni pale usiku wa theluji, wale wawili wamepanda juu ya paa la duka la mikate kwa sababu kuna bomba la moshi lenye joto. Mahali penye joto panatosha mmoja. Nikiwa nje nilisikia sauti ya Bwana Mifugo ikishuka, akisema kwa sauti ya yule dume: "Kaa wewe hapa. Mimi baridi nimeshaizoea."

Sisi ni watu wa Mufindi. Baridi tunaijua, inaingia mpaka kwenye uji. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Mwaka uliofuata niliingia. Aliionyesha sinema ile kila mwaka, katika vijiji vyote vya kata, kanda ilipochakaa akaihamishia kwenye sidii, sidii zilipopitwa na wakati akaihamishia kwenye flashi. Watu walikuja wakiwa wameshaijua yote kwa moyo, wakitangulia kusema maneno. Jina la Risasi lilikufa bila mtu kulizika. Na tangu mwaka ule wa kwanza, katika kata yetu hakufa tena mtu kwa kichaa cha mbwa. Nilikuja kulielewa jambo hilo nikiwa chuoni, mwalimu akitufundisha ugonjwa ule kama kitu kisichokwepeka vijijini. Niliinua mkono nikasema kwetu hakipo. Akaniuliza kwa nini. Ningemjibuje? Nilisema tuna sinema.

Chuoni hukohuko ndiko nilikoiona tena ile katuni, kwenye simu ya mwenzangu, nikiwa sasa nakisikia Kiingereza. Niliketi nikitabasamu, nangoja maneno yangu. Mama mwenye nyumba hakuuliza chanjo. Alisema maneno mengine kabisa. Hilo nilikuwa nimelitegemea. Lakini lilipofika lile paa, nilinyoosha shingo, nikaongeza sauti, nikarudisha nyuma nikatazama tena. Wale mbwa hawasemi kitu. Dume anasogea, jike anakaa penye joto, theluji inaanguka. Hakuna neno hata moja pale.

Nilipokwenda likizo nilimkuta mke wa Bwana Mifugo nyumbani kwao peke yake. Tulimwita Mama Mifugo, ingawa kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Mwanamke wa kicheko kikubwa, mtu wa Ruaha Mbuyuni, kule bondeni kwenye vitunguu na joto la kuivisha yai. Katika maonyesho yote niliyohudhuria alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, na hadharani wale wawili walizungumza kama karani na karani: "Umefunga banda?" "Nimefunga." Nilimwambia nilichokiona kwenye simu.

Alicheka mpaka akaacha cherehani.

"Amekuwa akidanganya watu miaka yote hiyo! Maneno yale ni yangu, mwanangu. Tulipoletwa huku nyumba ya serikali haikuwa na dari, na blanketi lilikuwa moja, hili hapa fupi. Nikamwambia jifunike wewe, mimi baridi nimeshaizoea."

"Lakini wewe umetoka Mbuyuni, mama."

"Ndiyo! Nilikuwa na wiki moja hapa. Nilikuwa sijawahi kuona moshi ukitoka mdomoni mwa mtu ambaye havuti sigara. Nilidhani nakufa." Akajifuta macho. "Akakubali, akajifunika. Asubuhi akanikuta nimekuwa kama jiwe. Hajanisamehe mpaka leo."

Mwaka juzi nilikuwa kituo cha afya upande wa Mbeya, kwenye tambarare za Usangu, kati ya wakulima wa mpunga na wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Mama mmoja wa familia ya wafugaji alimleta binti yake wa miaka minane. Mtoto alikuwa ameng'atwa wiki nyingi nyuma. Nilimpa kikombe cha maji, akakitazama, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nikajua: mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Mama yake alikuwa ananitazama usoni, anasubiri niseme dawa ni ipi. Siku mbili baadaye alimbeba binti yake kumrudisha nyumbani, amefunikwa. Tulipokwenda na afisa mifugo kuchanja mbwa wa pale, tulikuta maboma yamebaki na ng'ombe tu. Walikuwa wamewapeleka mbwa porini. Walikuwa wamesikia kwamba serikali inakuja kuua.

Nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda basi.

Bwana Mifugo alikuwa amestaafu, wamehamia Kilolo, nyumba ndogo yenye mibuni na mizinga ya nyuki. Nilimkuta uani kwenye kiti. Alikuwa amekonda, mikono inatetemeka, ile mikono iliyomshika fahali pua. Mkewe alikuwa kwenye mkeka akichambua mboga ya maboga.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Umekuwa mtu mkubwa."

Nililetewa chai. Nikawaeleza habari ya yule mtoto na kile kikombe cha maji, na habari ya mbwa waliopelekwa porini. Nilisema, "Nimekuja kuomba ile sinema. Na nataka unieleze wewe ulianzaje, nami nianze vilevile."

Alitazama mizinga yake.

"Mwambie," alisema Mama Mifugo.

"Nitamwambia."

"Unasema hivyo tangu akiwa na magauni ya shule. Mwambie leo, au nimwambie mimi."

Alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua.

"Kichwa cha mbwa wenu nilikipeleka maabara," alisema. "Ndivyo inavyotakiwa. Majibu yalichelewa. Yalipofika ulikuwa umeshamaliza sindano zote tano. Hakuwa na kichaa. Alikuwa mzima."

Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili.

"Kitabu kinasema mbwa mwenye mwenyewe, anayekula, anayetembea vizuri, akiuma mtu hauawi. Anafungwa, anaangaliwa siku kumi. Mtoto anaanza sindano, mbwa anangoja. Nilikuwa najua. Nilifundishwa, na kwenye mtihani niliulizwa, nikapata."

"Kwa nini hukumfunga?"

"Niliogopa. Yule mtu wa kijiji cha pili nilikuwa nimemwona anavyokufa. Ua wenu ulikuwa umejaa, mama yako analia, wote wananitazama nifanye kitu, na bunduki iko pale ukutani. Siku kumi zilikuwa nyingi kuliko moyo wangu."

"Kwa hiyo alikufa bure."

Nilisema kwa ukali. Nilishangaa ukali ule ulikuwa umekaa wapi miaka yote. Mama Mifugo aliacha mboga. Nilijua anachoweza kujibu, maana mimi mwenyewe ni mtumishi wa serikali, nayajua majibu yetu: hali ilikuwa ya hatari, usalama wa jamii, tulifanya kwa nia njema. Yote yangekuwa kweli, nami ningeyakubali.

"Alikufa bure," alisema.

Nimeketi mbele ya wakubwa wengi, maaskofu, wakuu wa wilaya, madaktari bingwa. Sijawahi kumwogopa mtu kwa heshima kama nilivyomwogopa mzee yule pale kwenye kiti, hajitetei.

"Yalipokuja yale majibu," aliendelea, "watu walikuwa wanaficha mbwa wao, nikaona wana haki. Nitawaambia nini? Nitasema mimi nawapenda mbwa? Nani ataniamini? Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuonyesha kwamba ni kweli. Kilikuwa kwenye deki. Nikaona aibu, maana kile kilikuwa changu na huyu." Akamwelekeza mkewe kidevu. "Lakini nikakitoa."

Alinyanyuka kwa shida, akaingia ndani, akarudi na flashi iliyofungwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare. Akaniwekea kiganjani. Kisha hakukaa. Alisimama mbele yangu kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Kuna jambo sikukuuliza siku ile," alisema. "Na baadaye, kadiri miaka ilivyopita, nikashindwa kabisa. Alikuwa anaitwa nani?"

Nilikuwa sijalitamka jina lile tangu nina miaka tisa. Nyumbani kwetu hakuna aliyelitamka.

"Sajini," nilisema.

Akafumba macho. "Kwa ajili ya ile mistari mitatu mguuni."

Nilikuwa nimeisahau. Ilinirudia palepale: mistari mitatu myeupe juu ya mguu wa mbele, kama cheo cha askari, na baba akipiga saluti kila akitoka kwenda shamba.

"Mguu wa kulia," alisema Bwana Mifugo.

"Wa kulia."

"Sajini," akarudia, polepole, akilisikiliza. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, amemshika mkono.